Oscar Hazichakachuliwi, na Bado Zinauma

Kila mwaka wapenzi wa filamu wa Afrika Mashariki hukesha. Sherehe za Oscar hufanyika Jumapili jioni kwa saa za Los Angeles, na kwetu muda huo ni usiku mkubwa wa kuamkia Jumatatu. Kukipambazuka, kwenye daladala, kazini na kwenye magrupu ya WhatsApp, lawama ni zilezile: wameiba, wamenunuliwa, wanatubania, muvi kali imeachwa ikapewa ya kawaida. Mimi ni mmoja wa wanaolalamika na sina mpango wa kuacha. Filamu hula miaka ya maisha ya watu, na aliyeitazama ikamgusa ana haki ya kuumia inapopuuzwa.

Ila lawama isiyo na shabaha humpa mkosaji mlango wa kutokea. Ukisema "wameiba kura" ilhali hawakuiba, watakuonyesha wahasibu wao, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Yale waliyokosea kweli hayataguswa. Kwa hiyo nimechukua madai ninayoyasikia kila msimu wa tuzo, nikayapima moja baada ya jingine.

"Kura zinachakachuliwa"

Si kweli.

Tangu mwaka 1935 kura za Oscar zinahesabiwa na kampuni ya uhasibu, ile ambayo leo inaitwa PricewaterhouseCoopers. Hadi sherehe za 2017, waliojua matokeo yote kabla ya sherehe walikuwa watu wawili tu. Kila mmoja alibeba begi lenye seti kamili ya bahasha, na wote wawili walikariri washindi. Wakati wa sherehe mmoja alisimama upande huu wa jukwaa na mwenzake upande ule.

Utaratibu huo ndio uliozaa fedheha ya tarehe 26 Februari 2017. Warren Beatty na Faye Dunaway walipanda kutangaza Filamu Bora wakiwa na bahasha ya ziada ya Mwigizaji Bora wa Kike, tuzo ambayo Emma Stone alikuwa ameshapewa. Beatty alifungua, akaitazama kadi, akasita, akachungulia tena ndani ya bahasha kana kwamba kuna karatasi nyingine imebaki humo. Dunaway akalisoma jina la filamu aliloliona: La La Land. Watengenezaji wake walipanda, wakaanza kutoa shukrani, na zilipita zaidi ya dakika mbili kabla ya mmoja wao, Jordan Horowitz, kusogea kwenye maikrofoni kusema kwamba mshindi ni Moonlight, kisha akainua kadi sahihi kamera iione.

Watu wengi hulitumia tukio lile kama ushahidi wa wizi. Mimi naliona kinyume chake. Pale dunia nzima ilipokuwa imeshaamini, wahasibu walipanda jukwaani kuisahihisha. Na hapo ndipo unapofia uvumi wa miaka mingi kuhusu Marisa Tomei. Alishinda mwaka 1993 kama Mwigizaji Msaidizi kwa My Cousin Vinny, filamu ya vichekesho, akiwashinda waigizaji wazito wenye majina makubwa, na maneno yakaenezwa kwamba mzee Jack Palance alisoma jina lisilokuwa kwenye kadi. Angesoma jina lisilo sahihi, angesahihishwa palepale. Tomei aliteuliwa tena mara mbili baadaye, kwa In the Bedroom na The Wrestler. Kumsingizia tuzo ya bahati mbaya kwa zaidi ya miaka thelathini ni kumwonea.

Kuna jambo moja hapa ninalowalaumu Akademia, chama kinachotoa Oscar, bila kuuma maneno: hawatangazi idadi ya kura. Hatujui mshindi alishinda kwa kura kumi au kwa elfu tatu. Hesabu ikifichwa, uvumi utaendelea kuota, na wa kulaumiwa ni mwenye kuificha.

"Chadwick Boseman alinyang'anywa"

Tuzo hakunyang'anywa. Heshima yake ndiyo iliyochezewa.

Hili ndilo donda langu mwenyewe. Boseman alifariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana ambayo watu wengi aliofanya nao kazi hawakujua kuwa anayo. Filamu yake ya mwisho ni Ma Rainey's Black Bottom, anapoigiza kama Levee, mpiga tarumbeta kijana mwenye kipaji, kiburi na jeraha la utotoni. Tazama anavyovitunza vile viatu vyake vipya vya njano. Anavipenda mpaka unamhurumia, na baadaye, mwenzake anapovikanyaga, unaona hasira ya maisha mazima ikishuka juu ya mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Mwili umekonda, sauti imebaki na nguvu zake zote. Alipewa Golden Globe, akapewa na tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani. Iliyobaki ilikuwa Oscar.

Kwa desturi Filamu Bora hutangazwa mwisho. Usiku wa tarehe 25 Aprili 2021 waandaaji walibadili mpangilio: Filamu Bora ikatangulia, ikaenda kwa Nomadland, na Mwigizaji Bora wa Kiume akawekwa mwisho kabisa. Kila mtazamaji alielewa kinachotayarishwa. Joaquin Phoenix akafungua bahasha, akamtaja Anthony Hopkins kwa filamu ya The Father. Hopkins, mwenye miaka 83, hakuwapo ukumbini. Alikuwa kwao Wales. Hapakuwa na hotuba wala machozi ya pamoja, na sherehe ikaishia hapohapo. Kulipokucha Hopkins alitoa ujumbe mfupi wa video akimuenzi Boseman, na kwa maoni yangu ndiye mtu aliyetoka katika usiku ule akiwa na adabu kuliko wote.

Sasa tupime. Kama waandaaji wangekuwa na mkono kwenye kura, wasingepanga usiku ule vile. Kuaibika kwao ni ushahidi kwamba hawakujua. Wiki mbili nyuma, Hopkins alikuwa ameshachukua BAFTA huko Uingereza, kwa hiyo dalili zilikuwapo kwa mwenye kutaka kuziona. Na aliyeitazama The Father hawezi kusema mzee yule hakustahili: kuna sehemu anamlilia mama yake kama mtoto mdogo, na chumba kizima kinakuwa kidogo. Yapo pia madai kwamba marehemu hapewi Oscar. Si kweli: Peter Finch alipewa mwaka 1977 kwa Network, Heath Ledger mwaka 2009 kwa The Dark Knight, na wote walikuwa wameshafariki.

Kosa la usiku ule ni la waliochukua msiba wa familia wakaufanya kilele cha kipindi cha televisheni, bila kuwa na uhakika wa kitakachotokea. Hasira yetu ingepaswa kwenda kwao.

"Filamu inayoshinda ndiyo iliyopendwa na wengi"

Si kweli, na hapa ndipo mashabiki wengi hupotea, kwa sababu hawajaelezwa namna kura zinavyohesabiwa.

Kwenye uteuzi, kila fani huteua watu wake: waigizaji huteua waigizaji, waongozaji huteua waongozaji, wahariri huteua wahariri. Kwenye Filamu Bora huteua wote. Wateule wakishajulikana, wanachama wote wanapiga kura kwenye kila kundi. Makundi karibu yote hutumia hesabu tuliyoizoea kwenye uchaguzi wa wabunge: mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata kama hakufika nusu. Wakiwa wateule watano, mtu anaweza kubeba tuzo kwa asilimia 21 tu, na asilimia 79 ya wapiga kura hawakumtaka. Kumbuka hilo kabla ya kuuliza "wamewezaje kumpa yule?"

Filamu Bora ina hesabu yake tofauti, iliyorudishwa kuanzia sherehe za 2010. Mpiga kura hachagui filamu moja, anazipanga zote: namba moja, namba mbili, mpaka ya mwisho. Tuchukue mfano mdogo wa karatasi 100 na filamu tatu. Ya kwanza imewekwa namba moja na watu 40, ya pili na watu 33, ya tatu na watu 27. Kwa hesabu ya ubunge ya kwanza ingekuwa imeshapita. Hapa bado, kwa sababu hakuna iliyovuka nusu. Filamu ya tatu inaondolewa, lakini zile karatasi zake 27 hazitupwi. Zinaangaliwa namba mbili ni ipi. Tuseme 22 zimeiweka ile ya pili, na 5 zimeiweka ya kwanza. Sasa ya pili ina 55 na ya kwanza ina 45. Mshindi ni filamu ambayo watu 67 kati ya 100 hawakuiweka namba moja.

Mtindo huu unaibeba filamu isiyochukiwa na mtu. Kazi inayoigawa hadhira, inayopendwa kwa moto na hawa na kukataliwa na wale, ina safari ngumu hata ikiwa ndiyo itakayokumbukwa. Mwaka 2016 Mad Max: Fury Road ilizoa tuzo sita, lakini Filamu Bora ikaenda kwa Spotlight, iliyokuwa na nyingine moja tu, ya uandishi wa skripti. Mwaka 2019 ikashinda Green Book, filamu ambayo mwongozaji wake hata hakuteuliwa kwa Mwongozaji Bora, iliyoandikwa kwa ushiriki wa mtoto wa yule dereva mweupe anayesifiwa ndani yake, huku ndugu wa mwanamuziki Don Shirley wakilalamika kwamba mzee wao hakuoneshwa alivyokuwa. Ni filamu laini, inayomwacha mtazamaji akiwa radhi na nafsi yake. Siku ileile Alfonso Cuarón alichukua tuzo ya Mwongozaji Bora kwa Roma, kazi ninayoamini itatazamwa wakati ile nyingine imeshasahaulika.

Nani alaumiwe? Kanuni. Kanuni hubadilishwa zikipigiwa kelele kwa jina lake.

"Wapiga kura wametazama filamu zote"

Si kweli kwa karibu historia yote ya Oscar. Mpaka hivi karibuni mwanachama aliweza kuchagua mshindi kwenye kundi ambalo alitazama filamu mbili kati ya tano, au asiitazame hata moja. Ni Aprili 2025 tu Akademia ilipotangaza kwamba, kuanzia sherehe za 2026, asiyezitazama filamu zote za kundi fulani hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kundi hilo. Shabiki wa kawaida anayelipa kiingilio kwa pesa yake hahitaji kanuni kumwambia aitazame filamu kabla ya kuihukumu. Karibu karne nzima, watu wa taaluma yenyewe hawakulazimishwa.

"Pesa hununua Oscar"

Nusu kweli. Pesa hainunui kura, inanunua macho ya wapiga kura.

Mfano wanaoutaja wote ni wa 1999. Saving Private Ryan ya Steven Spielberg ilitegemewa kushinda, na Spielberg akapewa Mwongozaji Bora, lakini Filamu Bora ikachukuliwa na Shakespeare in Love, iliyoondoka na tuzo saba. Nyuma yake alikuwa Harvey Weinstein na kampuni ya Miramax, walioendesha kampeni ya matangazo, tafrija na simu ambayo Hollywood haikuwa imezoea kuiona kwa kiwango kile. Tangu hapo kampeni imekuwa sehemu ya bajeti, na Akademia imekuwa ikikaza kanuni nyuma yake.

Upande wa pili ni Andrea Riseborough. Mwaka 2023 aliteuliwa kuwa Mwigizaji Bora wa Kike kwa To Leslie, filamu iliyokusanya dola elfu 27 hivi kwenye majumba ya sinema, baada ya mastaa rafiki kuipigia debe wao kwa wao. Akademia ilichunguza, ikamwachia uteuzi wake. Mwaka huohuo Viola Davis aliachwa kwa The Woman King, hadithi ya wanawake askari wa Dahomey, na Danielle Deadwyler akaachwa kwa Till. Riseborough hakufanya kosa lolote. Ila ukweli ulijionesha: pasipo pesa kujuana na watu kunatosha, na kujuana huko kuna rangi na mtaa wake.

"Ukinyimwa leo utalipwa kesho"

Kweli, na ni tabia mbaya kuliko zote.

Al Pacino aliteuliwa kwa The Godfather, kwa Serpico, kwa The Godfather ya pili, kwa Dog Day Afternoon, akatoka mikono mitupu kila mara. Mwaka 1993 Akademia ikaamua kulipa deni, ikampa kwa Scent of a Woman. Aliyelipishwa ni Denzel Washington, aliyekuwa ameteuliwa mwaka uleule kwa Malcolm X ya Spike Lee. Sijui mtu aliyeitazama ile filamu hadi mwisho akaamini kwamba kulikuwa na uigizaji bora kuliko ule mwaka ule. Denzel hamuigi Malcolm, anakua naye: kutoka kijana wa mtaani mwenye suti pana na nywele zilizonyooshwa kwa dawa, hadi yule mtu mtulivu anayeyumba taratibu njiani kuelekea ukumbi atakamouawa. Mwaka 2002 na yeye akalipwa, kwa Training Day, akiwa polisi mhalifu. Wapo wanaosema yote heri. Mimi nasema mtoto wa Kiafrika anayetafuta orodha ya washindi ataikuta sura ya polisi mhalifu, ataikosa ya Malcolm.

Martin Scorsese ni vilevile. Aliteuliwa mara tano kama mwongozaji bila kushinda, ikiwemo kwa Raging Bull na Goodfellas, akaja kupewa mwaka 2007 kwa The Departed. Alfred Hitchcock naye aliteuliwa mara tano na hakulipwa hata kwa kuchelewa: alipewa tuzo ya heshima mwaka 1968, akashukuru kwa maneno machache sana, akaondoka.

"Filamu za kutisha hazihesabiwi"

Kwa kiasi kikubwa ni kweli. The Silence of the Lambs ilishinda tuzo tano kubwa mwaka 1992, na Jordan Peele alipewa ya skripti kwa Get Out mwaka 2018, lakini hizo zinakumbukwa kwa sababu ni chache. Lupita Nyong'o aliigiza watu wawili ndani ya Us ya mwaka 2019, mama na kivuli chake, kila mmoja na mwendo wake na koo lake. Wahakiki wa New York walimchagua kuwa mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Akademia haikumteua kabisa. Wakenya walilalamika, na walikuwa na haki.

"Wanatubagua kwa rangi"

Kweli, na kuna takwimu.

Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupewa Oscar, alishinda mwaka 1940 kwa Gone with the Wind akiwa ameketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo, kwa sababu hoteli ya sherehe haikupokea weusi. Mwaka 1990 Do the Right Thing ya Spike Lee haikuteuliwa hata kugombea Filamu Bora, na mshindi akawa Driving Miss Daisy, hadithi ya dereva mweusi mvumilivu. Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza wapiga kura likakuta karibu asilimia 94 ni weupe, asilimia 77 ni wanaume, na umri wa kati ni miaka 62. Mwaka 2015 na 2016, wateule wote 20 wa uigizaji walikuwa weupe, miaka miwili mfululizo, huku Idris Elba akiwa ameachwa kwa Beasts of No Nation, iliyopigwa nchini Ghana.

Anayetaka kujua kwa nini filamu fulani ilishinda mwaka fulani, na aanzie kwenye takwimu hizo za 2012. Hapahitajiki njama. Watu wa umri mmoja, mtaa mmoja na maisha yanayofanana watapenda vitu vinavyofanana, na watasema kwa dhamiri safi kabisa kwamba wamechagua kilicho bora.

"Kulalamika ni kazi bure"

Si kweli hata kidogo, na ningependa kila shabiki alijue hili.

Wale wahasibu wa 1935 waliletwa na malalamiko. Bette Davis alikuwa ameachwa kwenye uteuzi kwa Of Human Bondage, watu wakaja juu kiasi kwamba Akademia iliruhusu wapiga kura kuandika kwa mkono jina lisilo kwenye orodha. Davis hakushinda, lakini baada ya hapo hesabu ikakabidhiwa kwa watu wa nje. The Dark Knight ilipoachwa nje ya Filamu Bora mwaka 2009, kelele zilikuwa kubwa, na miezi michache baadaye wateule wa kundi hilo wakaongezwa kutoka watano hadi kumi. Kampeni iliyoanzishwa mtandaoni na April Reign mwaka 2015 iliilazimisha Akademia kuahidi kuongeza maradufu wanachama wanawake na wasio weupe, na leo wapiga kura wamepita 9,000, wakiwemo wengi wanaoishi nje ya Marekani. Mwaka 2020 Parasite ya Korea Kusini ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Filamu Bora. Sidhani kama wale wapiga kura wa 2012 wangeichagua.

Na Golden Globe? Gazeti lilelile la Los Angeles Times lilipofichua mwaka 2021 kwamba kile chama cha waandishi 87 waliokuwa wakizitoa hakikuwa na mwanachama hata mmoja mweusi, televisheni ya NBC ilikataa kurusha sherehe za 2022. Chama chenyewe kimeshavunjwa.

"Filamu za Kiswahili zinabaniwa"

Si kweli, na jibu la hili linatuhusu sisi.

Kiswahili kimeshafika kwenye ukumbi ule. Mwaka 2018 Watu Wote iliteuliwa kwenye filamu fupi. Inasimulia shambulio la basi karibu na Mandera mwezi Desemba 2015, abiria Waislamu walipokataa kujitenga na Wakristo mbele ya bunduki. Waigizaji ni wa kwetu, lugha ni Kiswahili na Kisomali. Lakini mwongozaji ni Mjerumani, Katja Benrath, na ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg. Mwaka 2024 Uganda nayo ilisikika, pale filamu ya maisha ya Bobi Wine ilipoteuliwa kwenye filamu za habari halisi.

Kundi la Filamu Bora ya Kimataifa lina masharti yanayojulikana. Kila nchi hupeleka filamu moja tu, iliyochaguliwa na kamati ya nchi yenyewe baada ya kamati hiyo kukubaliwa na Akademia. Lazima filamu iwe imeoneshwa kwenye sinema za biashara siku saba mfululizo, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe Kiingereza. Sharti la mwisho ndilo lililoiondoa Lionheart ya Genevieve Nnaji kutoka Nigeria mwaka 2019, kwa kuwa Kiigbo kilikuwa dakika kumi na moja tu hivi. Naliona sharti hilo kuwa la dhuluma kwa nchi ambayo Kiingereza ililetewa na mkoloni. Kwa filamu ya Kiswahili, hata hivyo, sharti hilo ni faida tupu. Afrika imeshinda kundi hilo mara tatu, kupitia Algeria, Ivory Coast na Afrika Kusini. Z ya Algeria na ile ya Ivory Coast zilikuwa za Kifaransa. Tsotsi, iliyoshinda mwaka 2006, inazungumza lugha za mitaa ya Johannesburg, na haikubaniwa.

Kenya ilianza kupeleka mwaka 2012 kwa Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, yenye Sheng iliyochangamka, na baadaye ikapeleka Supa Modo, kisha Subira, hadithi ya msichana wa Lamu. Mwaka 2018 bodi ya uainishaji filamu ya Kenya ilikuwa imeipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Mahakama ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, ili iweze kutimiza sharti la Oscar. Watu wakajaza kumbi za Nairobi. Kamati ikachagua Supa Modo. Supa Modo ni filamu nzuri sana na sina ugomvi nayo, lakini ugumu wote alioupata Kahiu, wa kuonesha kazi yake kwao, aliupatia nyumbani.

Kwa Tanzania hali ni nzito zaidi. Mwaka 2001 tulipeleka Maangamizi. Mwaka 2022 tukapeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari, filamu iliyokuwa imeshazinduliwa Toronto na baadaye ikashinda tuzo kuu ya tamasha la Carthage huko Tunisia. Katikati ya miaka hiyo miwili hatukupeleka kitu. Hakuna mpiga kura wa Los Angeles aliyetubania muda wote huo, maana hakuwa na filamu ya kuibania.

Filamu zinazogombea huchaguliwa na kupelekwa miezi mingi kabla ya sherehe. Maswali ya kuuliza, basi, yana msimu wake, na msimu huo unapita kabla ya mtu yeyote kuanza kukesha: kamati imeundwa, ina nani ndani yake, imetazama filamu zipi za mwaka huu, na ni ukumbi gani umekubali kuiweka filamu ya Kiswahili kwenye ratiba siku saba mfululizo?